Picha za rodeo hazitoki vizuri? Isome picha kwanza ndo uguse kamera

Hii nawaandikia wenzangu mlioko Texas, Oklahoma, Calgary na kokote kule ambako rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda fahali na farasi wakorofi, ipo jirani na nyumbani. Mmenunua kamera, mnaenda na familia, mnakaa jukwaani mnapiga weee, halafu mkifika nyumbani mkazifungua kwenye kompyuta moyo unavunjika. Fahali ni doa la kahawia tu, kauboi hana uso, na kitu pekee kilichotoka safi ni bomba za uzio. Kinachofuata mtu anaanza kutafuta bei ya lenzi za dola elfu mbili. Jamani subirini kwanza. Picha iliyoharibika huwa inasema yenyewe imeharibikaje, we isome taratibu, na mara nyingi dawa ni setingi moja tu au kusogea hatua kumi kushoto.

Kwa mazoezi msianzie kwenye yale makubwa ya Houston mwezi wa tatu au Calgary mwezi wa saba, kule unakaa mbali na kuna sheria kibao. Anzia rodeo ndogo za wilayani, zile za uwanja wa wazi wenye uzio wa bomba na majukwaa ya mbao, unakuwa karibu kabisa na kiingilio si kikubwa. Walioko Dallas na Fort Worth wana bahati, pale Fort Worth mtaa wa Stockyards kuna ukumbi wa Cowtown Coliseum, jengo la mwaka 1908, na kila wikiendi kuna rodeo, kwahiyo ukiharibu wiki hii wiki ijayo unarudi kujaribu tena.

Haya, twende kwa dalili.

"Picha zangu zote ni bla, hazina makali"

Hapa ndo wengi wanakwama sababu neno ni moja lakini magonjwa ni matatu, hata manne, na kila moja lina dawa yake. Ukitibu lisilokuwepo utahangaika msimu mzima. Kwahiyo chukua picha moja mbaya, ivute mpaka asilimia 100, uangalie sehemu tatu: uzio au mabango ya nyuma, udongo ulioko miguuni kwa mnyama, na mnyama mwenyewe.

Kama mabango yanasomeka vizuri na udongo umetulia ila fahali na mpandaji wamefutika, hiyo ni shata, ule mlango wa kamera unaofunguka kuingiza mwanga. Umepiga na spidi ndogo. Tupige hesabu kidogo: farasi anayekimbia kasi anaenda kama mita 11 kwa sekunde. Kwenye shata ya 1/250 ya sekunde anasogea zaidi ya sentimita 4 wakati shata iko wazi, kwenye 1/1000 anasogea sentimita moja hivi, kwenye 1/2000 nusu sentimita. Na huyo ni farasi mwili mzima, bado hatujagusa kwato wala mkono wa kauboi unaopigwapigwa hewani, hivyo vinaenda kasi kuliko mwili. Ndo maana kwa fahali na farasi wa kurusha mateke mimi sishuki chini ya 1/1000 nikiwa na uwezo huo, na mchana kwenye jua naweka 1/1600 au 1/2000 bila kufikiria mara mbili. Weka kamera kwenye modi ya kuchagua shata mwenyewe, ile ya S au Tv, au weka M na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uiache ya otomatiki. Ukiiachia kamera ijichagulie kila kitu, ikiona kagiza kidogo tu itashusha shata mpaka 1/200, yenyewe haijui kama mbele yako kuna fahali wa kilo 800.

Kama KILA kitu kimefutika, uzio, watu, mnyama, na vyote vimevutwa kuelekea upande mmoja, huo ni mkono wako. Lenzi ndefu zinakuza mtikisiko. Hapa lile swichi la kutuliza picha kwenye lenzi linasaidia, ila tuelewane, linatuliza mkono wako wewe, fahali halimtulizi hata kidogo. Nimeshaona watu wanawasha hilo halafu wanashusha shata mpaka 1/125 wakijua wamelindwa. Hapana. Bana viwiko mbavuni, simama miguu imeachana kidogo, na kama lenzi ni nzito tafuta stendi ya mguu mmoja, inabeba uzito na bado unaweza kuzunguka kumfuata mnyama.

Kama kuna kitu kimetoka safi kabisa lakini sio ulichotaka, labda bomba la uzio, labda yule mtu mwenye popikoni jukwaa la ng'ambo, hiyo ni fokasi, nenda sehemu inayofuata.

Na ya nne ambayo wengi hawaijui: picha imelegea yote, haina upande iliyovutwa, mistari iliyonyooka inaonekana kama inacheza, na ulipiga saa nane mchana ukiwa mwisho wa jukwaa. Hilo ni joto. Hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mchanga inapinda mwanga njiani, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayolirekebisha. Dawa ni kusogea karibu au kusubiri jioni. Basi.

"Kamera inashika uzio badala ya mnyama"

Cheki kwanza modi ya fokasi. Kamera nyingi zikitoka dukani zipo kwenye fokasi ya mara moja, unabonyeza nusu, inashika, inalia pip, inafunga pale pale. Kwa picha ya keki ya birthday sawa, kwa mnyama anayekuja upande wako haifai, sababu ukishafunga yeye ameshasogea mita mbili. Weka fokasi ya kuendelea, Nikon na Sony wanaiita AF-C, Canon wanaiita AI Servo au Servo. Hiyo moja peke yake inaokoa nusu ya picha.

Halafu eneo la fokasi. Ukiacha kamera itumie fremu nzima itachagua kitu cha karibu chenye mistari mikali, na hakuna kitu chenye mistari mikali kama bomba za chuma zilizopakwa rangi nyeupe. Tumia kundi dogo la pointi, ile zoni ndogo ya katikati. Pointi moja peke yake pia inawezekana ila fahali anazunguka mno, ukipoteza kidogo tu pointi inaangukia nyuma.

Sasa huo uzio wenyewe. Njia mbili. Ya kwanza ni kuusogelea kabisa, mdomo wa lenzi ukae kwenye nafasi kati ya bomba na bomba, aperture (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) iwe wazi, yani namba ya f iwe ndogo, basi bomba linayeyuka halionekani. Lakini lenzi IISHIE kwenye bomba, isipitilize kuingia ndani, na vidole vyako vivyo hivyo, kwa sababu fahali akiamua kujisugua na uzio hakupi taarifa. Na uombe ruhusa kwanza, mara nyingi ule ukingo ni wa wafanyakazi. Njia ya pili ni kupanda juu jukwaani mpaka mstari wako wa kuona upite juu ya bomba la mwisho. Watu wanakimbilia siti za mbele wakidhani ndo bora, kumbe siti ya mbele ndo ina bomba usoni. Safu ya sita au ya nane kwenye viwanja vidogo inakuwa safi zaidi.

Kuna kisa kingine: fokasi ilikuwa imeshika vizuri halafu wale jamaa wanaomvuta fahali aende mbali na kauboi aliyeanguka wakipita mbele, kamera inawafuata wao. Tafuta kwenye menyu ile setingi ya wepesi wa kufuata, kamera nyingi zinayo, ipeleke upande wa kushikilia, yani isiruke haraka kwenda kwa kitu kipya. Na kamera mpya zenye kutambua macho, angalia umechagua mtu au mnyama. Kwa fahali mimi naweka mtu, kwa mbio za mapipa, zile za farasi kuzunguka mapipa, yoyote sawa. Ikiwa kofia imefunika macho na kamera inarukaruka kati ya kichwa cha fahali na kofia, zima huo utambuzi urudi kwenye zoni, usibishane nayo.

Ukishafanya yote hayo na bado fokasi inakosa kidogokidogo, kumbuka eneo linalotoka safi ni jembamba sana. Lenzi ya 200mm kwenye f/2.8, kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa, sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha), ukiwa mita 10 kutoka kwa mnyama, ni kama sentimita 40 tu mbele mpaka nyuma. Pembe zinaingia, mpandaji haingii. Ukirudi mita 20 inazidi mita moja na nusu, fahali karibu wote anaenea. Mchana jua likiwepo funga kidogo mpaka f/4 au f/5.6, mwanga upo mwingi, kwanini ujibane?

"Picha ni safi lakini haina kitu"

Hili ndo kubwa kuliko yote na halipo kwenye menyu ya kamera. Fokasi imeshika, shata poa, rangi poa, lakini fahali yupo chini miguu minne kama anachungwa, kauboi amekaa wima. Picha haina nguvu. Sababu ni kwamba unabonyeza UKIONA. Macho yanaona, ubongo unaamua, kidole kinashuka, hapo robo sekunde imeshaenda, na fahali ameshatua. Inabidi ubonyeze kabla, na ili ubonyeze kabla inabidi uujue mchezo.

Sheria zenyewe ni fupi. Kwenye fahali, na wale farasi wa mateke, mpandaji anatakiwa akae sekunde 8, mkono mmoja umeshika, mwingine uko huru na hauruhusiwi kugusa mnyama wala mwili wake. Kwenye fahali pointi ni 100, nusu za mpandaji nusu za fahali, maana yake hata mnyama anapewa maksi kwa ukorofi wake. Kauboi akiwa ndani ya kile kizimba anajipanga, anakaza kamba mkononi, anavuta kofia chini, na akiwa tayari ANATIKISA KICHWA. Hiyo ndo alama yako. Geti linafunguliwa kwa kichwa hicho. Usiangalie geti, usiangalie fahali, angalia kidevu. Kidevu kikishuka kidole kinaanza, na mruko wa kwanza kutoka getini mara nyingi ndo wa juu kuliko yote.

Baada ya hapo fahali ana mdundo. Anapanda mbele, anashuka na miguu ya mbele, halafu ya nyuma inaruka juu, mgongo unasimama karibu wima, kauboi ameegemea nyuma mkono huru uko juu kabisa. Hapo ndo kilele. Hesabu mdundo kichwani, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ubonyeze miguu ya mbele inapogusa ardhi ili shata ikute ya nyuma ikiwa juu. Sikiliza pia, kwenye viwanja vidogo unausikia kabisa mshindo wa kwato na ile kengele iliyofungwa kwenye kamba ya fahali, sikio linashika mdundo haraka kuliko jicho.

Farasi wa mateke wana kitu chao: mruko wa kwanza miguu ya kauboi lazima iwe mbele juu ya mabega ya farasi mpaka kwato za mbele ziguse ardhi, asipofanya hivyo anatolewa. Kwahiyo picha ya kwanza kabisa nje ya geti ndo yenye ule mkao mzuri wa miguu kunyooka mbele, ukiikosa hiyo umekosa nusu ya uzuri wake.

Kuangusha maksai ni kazi ya sekunde tatu mpaka tano kwa watu wazuri, kauboi anatoka mbio na farasi, anajitupa pembeni anadaka pembe. Picha unayoitaka ni pale yupo hewani, mguu mmoja bado kwenye farasi, mikono imeshafika kwenye pembe, baada ya hapo anachimba visigino na vumbi linafunika kila kitu. Mchezo huu unahesabiwa kuwa ni ubunifu wa Bill Pickett, kauboi mweusi wa Texas aliyezaliwa 1870, na naona ni vizuri tukajua hilo tunapokaa jukwaani na watoto wetu, maana wengi wanadhani huu ni ulimwengu usiotuhusu. Ipo hata rodeo inayozunguka miji kwa jina lake tangu 1984, ya makauboi weusi, mkisikia imekuja karibu nendeni.

Mbio za mapipa ndo rahisi kuliko zote na ndo ninazomshauri mtu aanzie. Mapipa matatu, njia inajulikana, kila dada anapita palepale. Chagua pipa moja, jipange uwe unamwona anakuja usoni anapomaliza kulizunguka, weka fokasi pale, subiri. Farasi analala upande, mchanga unaruka, macho ya mpandaji tayari yapo kwenye pipa linalofuata. Akikosa huyu anakuja mwingine baada ya dakika moja kwenye mstari uleule.

Halafu kwenye fahali na farasi wa mateke watu mnashusha kamera king'ora cha sekunde 8 kikilia. Usishushe! Kushuka kwa kauboi, kofia inayopaa, wale jamaa wanaojiweka kati ya pembe na mtu aliyeanguka, hizo ndo picha ambazo watu wanazitazama mara mbili. Kazi ya hao jamaa ni kuokoa maisha ya mwenzao kwa miili yao, wapigeni na wao.

Kuhusu kupiga mfululizo: unasaidia, ila hautoshi. Kamera ya picha 5 kwa sekunde ina sekunde 0.2 kati ya picha na picha, na kilele kinapita hapo katikati vizuri tu. Picha tatu nne zilizolengwa kwenye mdundo zinazidi thelathini za kubahatisha.

"Kamera inagoma katikati"

Inapiga trrrr halafu inasimama, taa nyekundu inawaka, na kauboi ndo anaanguka. Bafa imejaa. Kamera inahifadhi picha kwa muda ndani kabla ya kuzisukuma kwenye kadi, na kadi ikiwa ya polepole foleni inajaa. Angalia alama kwenye kadi: V30 inaahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, V60 sitini, V90 tisini. Sio ile namba kubwa ya mbele, hiyo kwa kawaida ni ya kusoma. Lakini kabla hujanunua V90 hakikisha kamera yako inaweza kuitumia, nyingi za bei ya chini haziwezi. Vinginevyo piga JPEG (faili dogo lililobanwa) badala ya RAW (faili kubwa ghafi) kwa mchana wenye mwanga mzuri, na toa kidole, mipigo mifupi mifupi.

"Nyuso zote nyeusi chini ya kofia"

Kofia ya kauboi ina ukingo mpana, jua la saa sita linatoka juu, na mchanga wa uwanja ni mweupe. Kamera inauona ule mchanga inasema hapa kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso unazama. Ongeza mwanga kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, anza na +0.7, nenda mpaka +1 ukiona bado. Shati jeupe likianza kuungua rudi kidogo. Mpandaji akiwa mwenye ngozi yetu ndo uangalifu zaidi, kamera ikijiamulia yenyewe inamfanya kivuli, na mimi kwa kweli sikubali mtu apande fahali kwa sekunde nane halafu uso wake usionekane. Mchanga uungue, uso ubaki.

Pia piga magoti. Ukiwa juu jukwaani unapiga ukingo wa kofia, ukishuka chini unaingia chini ya ukingo, na ule mchanga mweupe uliokuwa unakusumbua sasa unarudisha mwanga juu usoni kwake. Cheki jua liko wapi kabla mchezo haujaanza, jioni kaa upande ambao jua liko mgongoni kwako. Na angalia geti linafungukia upande gani, bawaba ziko wapi, usije ukasimama upande ambao geti lenyewe linamziba kila anayetoka.

Flashi usiwashe. Viwanja vingi vinakataza na hata pasipokatazwa, ule mwanga wa ghafla unaweza kumshtua mnyama wakati kuna mtu mgongoni.

"Ndani ya ukumbi rangi inabadilika kila picha"

Umepiga picha sita mfululizo, ya kwanza ya njano, ya pili sawa, ya tatu ina giza nusu chini. Kamera haijaharibika. Taa nyingi za umeme zinawaka na kufifia haraka mno, jicho haligundui kitu, ila shata ya 1/1000 inakata kipande kidogo tu cha hiyo mizunguko. Umeme wa Marekani ni 60Hz, taa inapepesa mara 120 kwa sekunde, na kila picha inaangukia sehemu yake. Huko nyumbani ni 50Hz, mara 100, kwahiyo ukiwa likizo Dar au Nairobi ukapiga mpira wa kikapu usiku utakuta ugonjwa uleule.

Washa ile setingi ya kuzuia kupepesa kwa taa, kamera nyingi za miaka ya karibuni zinayo, inasubiri taa ifike kwenye kilele ndo shata ifunguke. Spidi ya mfululizo itapungua kidogo, vumilia. Halafu zima shata ya kielektroniki tumia ya mitambo, ile ya kimya kimya kwenye taa za LED inatoa mistari ya kulala fremu nzima na hata inapinda kamba na nguzo kwa sababu inasoma picha mstari kwa mstari. Mistari ikibaki hamisha shata kidogo, 1/800, 1/640, mpaka upate inayokaa. Na rangi usiiachie otomatiki, chagua namba moja ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga), jaribu 4000 mpaka 5000, ukae hapohapo usiku mzima, hata ikikosea itakosea sawasawa na kurekebisha ni mara moja kwa zote.

"Chenga nyingi"

Ndani hakuna ujanja, mwanga ni mdogo na shata ni kubwa, ISO itapanda 6400 mpaka 12800. Ipandishe. Picha yenye chenga inasafishika kwenye programu, picha iliyofutika haisafishiki. Chenga mbaya kuliko zote zinatokana na kuogopa ISO, mtu anapiga giza halafu anaivuta juu kwenye kompyuta, hapo ndo zinatoka zile za zambarau. Lenzi ndo inaleta tofauti ya kweli: kwenda kutoka f/5.6 mpaka f/2.8 ni mwanga mara nne, yani ISO 25600 inakuwa 6400. Kama bei ya zumu ya f/2.8 haishikiki, 85mm ya f/1.8 ni bei ya kawaida, ukikaa karibu inatosha kabisa, utakata pembeni baadaye.

"Mchezo unaonekana umesimama"

Farasi amegandishwa mpaka anaonekana kama amepaki. Hii inatokea sana kwenye mbio za mapipa, 1/2000 inaua kasi. Shuka 1/125 au hata 1/60, mfuate farasi kwa kuzungusha kiuno sio mikono, endelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Nyuma inavutika mistari, kichwa kinabaki safi. Lenzi ikiwa na modi 2 ya kutuliza, ile ya kumfuata kitu kinachopita pembeni, weka hiyo. Nyingi zitaharibika, ni kawaida yake. Ifanye baada ya kuwa na picha za uhakika kwenye kadi, sio mpandaji wa kwanza.

Madoa angani

Doa la kijivu palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa. Hakikisha kwa kupiga anga kwa f/16. Usibadilishe lenzi uwanjani, lile vumbi ni mchanga na samadi laini kabisa, linaingia kila mahali. Kama huna budi nenda kwenye gari, funga milango, mdomo wa kamera uangalie chini. Kwenye kioo cha lenzi anza na kipulizio cha mpira, kitambaa baadaye, na usipulize kwa mdomo.

Getini na kwa wenye simu

Kumbi kubwa nyingi zina kanuni ya urefu wa lenzi au hata aina ya kamera, soma kwenye tovuti yao kabla hujanunua tiketi, usibishane na mlinzi. Rodeo ndogo, tuma ujumbe kwa waandaaji wiki moja kabla, waambie wewe ni mpiga picha wa kujifurahisha na utawapa picha, mara nyingi wanakubali na wanakuonyesha pa kusimama. Kwenye mchezo wa watoto kupanda kondoo piga unavyotaka lakini kabla ya kuposti mtafute mzazi.

Na wenye simu: usivute zumu zaidi ya lenzi halisi ya simu ilipofikia, baada ya hapo inakata tu. Shikilia kitufe kwa mfululizo kauboi akitikisa kichwa, au piga video ya 4K kwa fremu 60 utoe picha moja ndani yake, mchana tu, usiku itakuwa uji. Mbio za mapipa kwa simu, umekaa karibu na pipa la kwanza jioni jua likiwa nyuma yako, zinatoka.